Gawa kwa 87: Kupiga Picha Reli za Mfano kwa Jicho la Abiria wa Tabora

Abiria anayeisubiri treni ya Kigoma kwenye stesheni ya Tabora haoni paa la behewa. Anaona magurudumu, ngazi za chuma, madirisha yaliyojaa vichwa na mikono, na kichwa cha treni kinachozidi kuwa kikubwa kadiri kinavyokaribia. Mtu huyohuyo akiingia kwenye jumba la makumbusho lenye reli ya mfano, husimama wima, akainua simu usawa wa kifua na kupiga picha akiwa ameinamia meza. Kinachotoka ni mapaa matupu na nyasi za plastiki. Hesabu yake ni hii: kamera iliyo sentimita 60 juu ya reli ya kipimo cha 1:87, yaani iliyopunguzwa mara 87 kutoka ile ya kweli, ni sawa na mtu aliye mita 52 angani. Hakuna abiria wa Reli ya Kati aliyewahi kuiona treni yake kutoka huko.

Hilo ndilo kosa la kwanza, na mengine mengi huzaliwa humo. Lakini hapohapo ndipo sisi tunaoishi kando ya reli hii tulipo na mtaji. Ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na tangu hapo watu wa huku wanajua treni inavyoonekana kwa mtu aliye chini, mwenye mzigo mkononi. Anayejua hivyo anajua tayari picha ya mfano inavyotakiwa kutoka. Kilichobaki ni kugawa.

Ugawe kwa ngapi? Inategemea kipimo, na kipimo huandikwa kwenye kibao cha maelezo. Kisipoandikwa, muulize mhudumu kabla hujatoa kamera. Kinachoonekana sana ni H0, yaani 1:87. Jicho la mtu mzima aliyesimama liko kama sentimita 160 kutoka ardhini. Ukigawa kwa 87 unapata milimita 18. Lenzi inatakiwa iwe milimita 18 tu juu ya ardhi ya meza, na kwa watu wengi hapo ndipo mshangao unapoanzia. Kwenye kipimo cha N, 1:160, jicho linashuka hadi milimita 10. Kwenye 0 ya Wajerumani, 1:45, linapanda hadi milimita 36. Kwenye G, 1:22.5, ni milimita 71, na hapo kamera yoyote inaenea bila taabu.

G ina jambo jingine linalotuhusu moja kwa moja. Reli zake ziko milimita 45 mbalimbali, na 45 mara 22.5 ni kama mita moja. Ndio upana wa reli yetu. Mtu wa Kaliua au Uvinza anayeiangalia treni kubwa ya LGB, aina iliyoanza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1968, anaangalia uwiano uleule wa behewa pana juu ya njia nyembamba aliouzoea tangu utotoni. Kwenye H0 reli ya mita inapaswa kuwa milimita 11.5, na viwanda huifanya 12. Reli ya milimita 1,435, kama hii ya SGR inayojengwa kuja Tabora, inakuwa 16.5. Ukikuta kwenye meza moja njia ya 16.5 imepita sambamba na ya 12, hiyo ni picha ya kutafuta mapema, maana macho ya hapa kwetu yanaielewa bila maelezo.

Kuishusha simu hadi milimita 18 kuna mbinu moja nyepesi: igeuze juu chini. Lenzi za simu ziko karibu na ukingo wa juu, kwa hiyo ukiigeuza zinakuja chini kabisa, karibu kugusa meza. Picha utaizungusha baadaye. Zima kwanza ile hali ya simu kubadili lenzi yenyewe ukikaribia kitu, la sivyo itarukia lenzi pana na kichwa cha treni kitatoka na pua ndefu kama ya nguchiro. Ila mbinu hii ni ya pale tu unaporuhusiwa kufika ukingoni. Penye kizuizi au kamba, usinyooshe mkono juu ya meza hata kidogo. Chuchumaa mpaka lenzi ilingane na reli, kisha tumia lenzi ya mbali, ya milimita 85 au 100, ukiwa umbali wa mita moja na kitu. Meza nyingi za maonyesho ziko usawa wa kiuno au kifua cha mtu mzima, kwa hiyo magoti ndiyo yanayofanya kazi siku hiyo.

Umbali nao unagawanywa. Mtu anayepiga picha treni ya kweli kwa kawaida husimama mita 20 hadi 30 kutoka njiani. Kwa H0 hiyo ni sentimita 23 hadi 34. Ukisogea hadi sentimita 8 ili kichwa cha treni kijaze fremu, umesimama mita 7 kutoka kwenye mashine ya tani nyingi, na uso wake utavimba huku mabehewa ya nyuma yakinywea. Wengi husema lenzi ndiyo mbaya. Lenzi haina kosa. Rudi nyuma, halafu ukate picha.

Kabla ya kusafiri kwenda kwenye jumba lolote, jifunze nyumbani na ubao wa mazoezi. Unatengenezwa kwa vitu vya dukani na hauhitaji treni. Chukua kipande cha ubao cha sentimita 60 kwa 15; mabaki ya mninga kutoka kwa fundi seremala yanafaa sana kwa sababu hayapindi gundi ikiyalowesha. Mataruma ni njiti za kiberiti. Njiti ukiitoa kichwa na kuikata katikati inatoa vipande viwili vya kama milimita 20, ambavyo kwa 1:87 ni taruma la mita 1.74. Ni fupi kidogo kuliko la kweli, lakini kwenye picha halimsumbui mtu. Vipange kila milimita 8, katikati hadi katikati. Ubao mzima unakula vipande 75, yaani kiberiti kimoja, au kimoja na njiti chache za kuazima. Reli ni waya wa umeme wa shaba wa 1.5, ule mgumu wenye uzi mmoja. Ukiumenya unabaki na unene wa milimita 1.4, sawa na reli ya kimo cha sentimita 12. Waya wa dukani umejikunja, na kuunyoosha kwa vidole hakumalizi kazi. Funga ncha moja kwenye msumari, shika nyingine kwa koleo, uvute kwa nguvu mpaka uuhisi umeongezeka kidogo. Ukiuachia umenyooka kama rula. Kata kadibodi ya upana wa milimita 11.5, iweke katikati ya nyaya mbili kila unapogundisha, usitegemee macho.

Kokoto za njiani zina ukubwa wa sentimita 2.5 hadi 5. Kwa 1:87 hizo ni punje za milimita 0.3 hadi 0.6, yaani mchanga uliopita kwenye chekecheke la unga. Umwage mkavu kati ya njiti, uusawazishe kwa brashi laini, kisha udondoshee gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, kwa bomba la sindano. Weka tone moja la sabuni ya kuoshea vyombo humo. Bila sabuni, tone la gundi linabaki mviringo juu ya vumbi, linaviringisha mchanga na kuchimba vishimo, na ukishakauka huwezi kuurekebisha. Uache usiku kucha. Mtu wa kadibodi wa milimita 19 au 20 asimame kando: huyo ndiye abiria wako, na lenzi isipite kichwa chake.

Ubao huo upeleke nje saa kumi na moja jioni, juu ya stuli, mwembe ukiwa mbali nyuma yake. Jua moja, kivuli kimoja, anga ya kweli. Ukiweza kupata hapo picha ambayo mtu haulizi ni kitu gani, ndani ya jumba hutababaika. Na kama unataka kulinganisha na reli yenyewe, nenda stesheni, msalimie mkuu wa stesheni, omba ruhusa kwanza, ndipo upige. Piga usawa wa macho, kisha piga ukiwa umechuchumaa, uone kokoto zinavyojaa mbele na reli zinavyokutana mbali. Picha hizo mbili zikae kwenye simu yako siku ya safari.

Sasa lile linalowashinda hata wenye kamera za bei: kina cha fokasi. Kitu kikiwa karibu, sehemu inayotoka kali ni nyembamba mno. Chukua kamera ya kihisi cha ukubwa wa APS-C, yaani chenye upana wa kama milimita 24, eneo la upana wa sentimita 24 limejaza fremu. Namba ya f ni kipimo cha tundu la lenzi: ikiwa kubwa, tundu ni dogo. Kwa f/4 unapata ukali wa kina cha sentimita 1.8. Kwa f/11 unapata kama 5. Kwa f/16 unafika 7, lakini hapo mwanga unaopenya tundu dogo unaanza kulainisha picha nzima, kwa hiyo kuongeza zaidi ni kujidanganya. Kichwa cha treni cha H0 kina urefu wa sentimita 15 hadi 20. Kikiwa kinakukabili kwa pembe, taa za mbele zitakuwa kali na mlango wa dereva umefifia. Na ukungu huo ndio unaolifanya jicho liseme hiki ni kitoto cha kuchezea, kwa sababu treni ya kweli ukiwa mita 30 inaonekana kali yote, kuanzia taa hadi behewa la mwisho. Simu nayo kwa kawaida haifungi tundu lake. Dawa yake ni umbali. Ukiongeza umbali mara mbili, kina cha ukali kinaongezeka karibu mara nne, na pikseli za simu za siku hizi zinavumilia kukatwa.

Kwa kamera, dawa ni kupiga fremu nyingi na kuziunganisha. Treni iwe imesimama kabisa. Fokasi ya mkono, mwanga wa mkono, rangi ya mwanga ya mkono. Kimoja kikibaki cha kujiendesha, fremu hazitafanana. Kwa f/8 kila fremu ina kina cha sentimita 3.5, kwa hiyo sogeza fokasi kama sentimita 2 na kidogo kila mara ili fremu ziingiliane kwa theluthi. Kichwa cha sentimita 20 kinataka fremu 9 hadi 12. Anza mbele kidogo ya kitu chenyewe, kwenye kokoto, na malizia kwenye mandhari ya nyuma. Unaunganisha nyumbani kwa Helicon Focus au Zerene Stacker, ambazo ni za kulipia, au kwa zana za Hugin, ambazo ni za bure. Ukiona mkanda wa ukungu katikati ya behewa lililo kali mbele na nyuma, uliruka hatua moja katikati. Ukiona reli zimekuwa mbili mbili, kamera ilisogea. Ishara inayowakawaka itatoka na rangi isiyokuwepo. Hiyo irekebishwe kwa kuchukua kipande cha fremu moja.

Stendi ya miguu mitatu hukataliwa kwenye majumba mengi, na wana haki, kwa sababu mguu mmoja kwenye njia ya watu unatosha kumwangusha mtoto. Beba mfuko wa kitambaa ulioshonwa vizuri wenye nusu kilo ya mchele. Unakaa juu ya ukingo wa kizuizi, unaukandamiza, kamera inatulia kwenye kitanda chake. Tumia kipima muda cha sekunde 2 ili kidole kisiitikise. Mshono uwe mara mbili: punje moja ya mchele ikianguka njiani ni jiwe la zaidi ya nusu mita kwa treni ya H0, na inatosha kuiangusha.

Kioo kina sheria zake. Ukiweza kuigusisha lenzi kwa kioo kupitia kofia ya mpira, taswira yako haitaonekana. Usipoweza, vaa nguo nyeusi, shikilia kitambaa cheusi nyuma ya kamera, na umwombe mwenzako mwenye shati jeupe asogee. Kichujio cha kuondoa mng'ao kinafanya kazi vizuri ukiwa kwenye pembe ya kama digrii 35 kutoka kwenye uso wa kioo. Ukisimama mbele yake moja kwa moja hakisaidii kitu, kinakula mwanga tu. Na kama kilichopo ni plastiki badala ya kioo, kichujio hichohicho kinaweza kukuletea mawimbi ya rangi za upinde wa mvua. Kitoe.

Mwanga wa ndani unadanganya kwa namna mbili. Taa za LED na za bomba zinazotumia umeme wa hertsi 50, kama wetu na wa Ulaya, huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, kamera inaona: mistari ya giza inakata picha. Weka shata, yaani muda wa kamera kupokea mwanga, iwe 1/50 au 1/100 ya sekunde. Marekani umeme ni wa hertsi 60, kwa hiyo huko ni 1/60 au 1/120. Namna ya pili ni vivuli. Taa za dari zikiwa nne, behewa linatoa vivuli vinne, na duniani jua ni moja. Zunguka meza mpaka upate pembe ambayo kivuli kimoja kimemeza vingine. Hili sisi tunalithamini kuliko hata ukali wa picha, kwa sababu mtazamaji husamehe ukungu kidogo lakini hawezi kuamini mchana wenye jua nne. Flashi usiifikirie: inapigwa marufuku mara nyingi, na hata ikiruhusiwa inalaza kila kitu na kutupa kivuli cha mlima kwenye anga iliyochorwa.

Kwenye majumba mengine mwanga hubadilika kwa ratiba. Miniatur Wunderland ya Hamburg, iliyofunguliwa mwaka 2001, hugeuza mchana kuwa usiku kila baada ya kama robo saa. Usianze mfululizo wa fremu 12 jua likiwa linaelekea kuzama. Mzunguko wa kwanza angalia tu na saa mkononi. Usiku wao ni wakati wa kupiga madirisha ya mabehewa yenye taa: ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, iwe 1600, na fokasi uiweke wakati wa mchana, usiiguse tena.

Treni inayotembea inataka hesabu nyingine. Kilomita 60 kwa saa, ukigawa kwa 87, ni sentimita 19 kwa sekunde. Inaonekana polepole, lakini ikipita mbele yako ubavu kwa ubavu kwenye fremu ya sentimita 24, shata ya 1/250 bado inaiacha na ukungu. Inataka 1/1000, na ndani ya jumba mwanga huo haupo. Isubiri kwenye kona inayokuja kwako, ambapo 1/250 inatosha. Au fanya kinyume: 1/8 kamera ikiwa imetulia kwenye mchele, mandhari makali, treni imekuwa mkondo wa sentimita 2 na nusu. San Diego, kwenye jumba la Balboa Park, kuna mfano wa njia ya Tehachapi ya California, ile ambayo treni ndefu huzunguka kilima na kupita juu ya mkia wake yenyewe. Pale usikimbize kichwa cha treni. Tulia pale njia inapojipita juu yake yenyewe na usubiri ncha mbili zikutane.

Jihadhari na yanayomfichua mfano kwa karibu. Reli nyingi za H0 zina kimo cha milimita 2.54, mara 87 ni sentimita 22, wakati reli nzito ya kweli ni kama 17. Ukiwa chini kabisa na pembeni zinaonekana nene, kwa hiyo acha nyasi au kokoto za mbele zizifunike nusu. Kulabu za kuunganishia mabehewa ni kubwa kupita kiasi. Zipige kwenye kivuli. Na vumbi: unyuzi wa nguo wa unene wa nusu milimita, ukilala juu ya paa, ni kamba ya sentimita 4 iliyotupwa juu ya behewa. Usiupulize. Mate yanaruka na rangi inashika doa. Mwambie mhudumu, ana brashi yake.

Wengi wanaoendesha meza hizi ni wazee wa kujitolea, watu wa vilabu, waliotumia miaka kubandika miti mmoja mmoja. Wasalimie kwanza, waulize walichojenga, ndipo uombe treni isimame dakika mbili. Mara nyingi wataisimamisha mahali ulipotaka. Mkanda wa kamera uzungushe mkononi, beji ya shingoni iingize ndani ya shati, saa na bangili vua. Chuma kikigusa reli zote mbili umeme unakatika na treni zote za sehemu hiyo zinasimama. Ukiona behewa limetoka njiani, usiliinue wewe.

Kabla ya kuondoka kwenye kila meza, kuza picha mpaka mwisho na upite sehemu tatu: taa za mbele, magurudumu ya katikati, na behewa la mwisho. Kwenye mfululizo, hesabu fremu na uzipitie moja moja kwa mpangilio. Ile ya katikati ikikosekana, hakuna programu ya kuitengeneza Tabora, na meza iko Hamburg.